Minazi Ishirini na Udaktari wa Menza

Mbodze alipomaliza kozi yake ya dawa huko Nairobi, mwaka 1964, alipangiwa kazi katika hospitali ya Msambweni. Mshahara wake wa kwanza haukufika kwao Kikoneni. Uliishia dukani kwa Alfani Kibwana.

Baba yake, Mzee Randu, alikuwa amemwekea Alfani rehani ya minazi ishirini ili watoto wake wawili wasome. Kozi ya Mbodze ilikuwa ya miaka miwili, ikala shilingi mia tatu. Kaka yake Menza alikuwa Kampala akisomea udaktari, na kwake yeye mzee alikuwa amekwisha kukopa elfu moja na mia nne, masomo yakiwa bado. Masharti yalikuwa yale yale ya siku zote: Alfani aangue nazi, azikaushe, auze kopra, na deni lisipungue hata senti mpaka mzee alipe kwa fedha.

Mbodze alilipa mia tatu zake kwa miezi minane. Kisha, bila kuombwa na mtu, akaanza kulipa za Menza. Kutwa alisimama kwenye dirisha la dawa, akihesabu vidonge na kuwaeleza wagonjwa namna ya kuvimeza. Jioni alirudi chumbani kwake miguu imevimba, akala muhogo wa kuchemsha, akalala.

Mwaka wa tatu kazini ilikuja barua. Alikuwa amechaguliwa kwenda ng'ambo kusomea ufamasia kamili, miaka minne, nusu ya gharama juu yake. Aliisoma mara mbili. Wiki iliyofuata aliandika kushukuru na kukataa.

Mwezi huo huo Menza alikuja likizo. Miaka yote alikuwa akiambiwa na baba yake kwamba ada inatokana na ng'ombe. Alipokwenda dukani kununua sukari, Alfani akamsifia dada yake kwa kulipa deni la Kampala kila mwezi bila kukosa. Menza aliiacha sukari palepale, akafunga safari hadi Msambweni. Alimkuta Mbodze ameketi kitandani, miguu ndani ya karai la maji ya chumvi.

Alimwambia kwamba anaacha masomo, atatafuta kazi ya ukarani.

"Umebakiza muda gani?" Mbodze aliuliza.

"Mwaka na nusu. Halafu mwaka wa mazoezi."

"Ukiacha sasa, kaka, mimi nitakuwa nimelipia nini?"

 Ndipo Mbodze alipomweleza habari ya ile barua, kwa sauti ya chini, kama anayesoma maelezo ya chupa ya dawa. Menza akajifunika uso kwa mikono.

Kesho yake alirudi kwa Alfani, akamwamkia, akaomba deni lililosalia liandikwe kwa jina lake, na kwa Mbodze isipokewe tena hata senti. Alfani akakubali. Nazi alikuwa akizipata vyovyote vile.

Menza alihitimu, akapelekwa bara, mbali kabisa na pwani. Alilipa kidogo kidogo, na mwaka 1970 minazi ikarudi. Mzee Randu alikwenda kuitazama akakuta sita imekufa kwa mdudu. Hakulalamika. Alikaa chini ya mmojawapo akapumzika kwa kuwa njia ilikuwa ndefu.

Mbodze alikuwa ameomba tena nafasi ya kusoma. Aliambiwa umri umempita.

Menza alipopata likizo alimtembelea, akamletea viatu vya ngozi laini, akasema kwamba sasa ana mshahara mzuri, kwamba zipo njia nyingine, hata kufungua duka la dawa Ukunda, na gharama zote ni zake.

Mbodze alivipokea viatu kwa mikono miwili, akashukuru.

"Tutazungumza, kaka," alisema. "Leo niache nilale."

Alilala mpaka adhuhuri ya siku ya pili. Menza alikaa mlangoni, akiwaomba majirani wasipige kelele.