Mji Ambao Taa Haizimwi

Enyi wana wa nchi kavu, tegeni masikio: mimi, Hamduni bin Shekue, kidato cha tatu, bweni la pili, naingia leo katika ufalme ambao mwanadamu hajaukanyaga. Naingia kwa kishindo. Kishindo chenyewe ni paji la uso wangu likigonga tangi la Shangazi Zuwena, ninayekaa kwake likizo hii, lile analofugia matumbawe sebuleni, maana nimesinzia kitini baada ya chakula cha mchana, na siku ya nne sasa sijalala sawasawa. Kioo hakivunjiki. Kinanipisha.

Niko barabarani. Barabara inapinda, inapinda tena, inanirudisha nilipoanza, na kila ukuta ni kioo kinachonionyesha nimechoka kuliko nilivyodhani. Juu kuna jua la saa sita lisilosogea. Nyumba ni matumbawe yale yale ya kijani na zambarau, ila yamepauka, na milango yake, maelfu, imefungwa. Anakuja mwenyeji asiye na uso. Ana mdomo tu, na vidole vingi amevikunja kuuzunguka. Hodi, nasema. Hodi ya mchana haina karibu, anajibu, anapiga miayo. Kitendawili, anasema. Tega. Mgeni wangu hana mkono, akifika kila mlango unafunguka. Kengele ya chakula, nasema. Siyo. Mwalimu wa zamu? Huyo akifika milango hujifunga. Basi nimeshindwa, nakupa mji. Mji upi? Huu hapa. Huu wetu, mjanja wee, toa wako. Sina, kwa hiyo anajitegulia mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliyekosa usingizi: giza. Likiingia tunafungua, tunakunjua vidole, tunakula kinachopita, na jirani akitusogelea mno tunamchapa. Mchana ni zamu ya wapishi wetu, wadogo mno, wanaokaa ndani ya ngozi zetu na kupika kwa jua. Sasa wamepika siku nne mfululizo, wamechoka, wanafungasha. Rangi yetu ni wao. Wakiisha kuondoka wote, tutakufa weupe. Nani kalisimamisha jua? Nani tena, nasema, nikijifanya kushangaa kwa ustadi ule ninaoutumia mbele ya mwalimu wa zamu. Naondoka haraka. Barabara inapinda, inanirudisha mbele yake.

Hamduni! We Hamduni! Mtu amesimama kati yangu na taa ya tangi, uso wake siuoni, ni weusi mtupu wenye sauti ya Shangazi. Jua gani limesimama, mwanangu? Unaweweseka. Mimi nimepima chumvi ya maji mara tatu tangu asubuhi na bado matumbawe yanapauka; naona mkono wangu wa kufuga ni mbaya, kesho nayatoa yote. Sijui kama nimetoka au bado nimo. Ni mimi, namwambia, awe nani awe. Ulisema taa ya tangi ikizimika nami nikalale, nikaichezea saa inayoizima, isizimike kabisa, ili nicheze gemu kwenye simu mpaka alfajiri. Chumvi yako haina kosa, Shangazi. Izime sasa hivi. Wana njaa.