Mfalme wa Kopa Ameitwa

Wivu wa Poldi Hirnschall ulikuwa mzee kuliko lami ya Mtaa wa Seiler. Alhamisi ile ya Oktoba ulivuka barabara pamoja naye, ukapenya katikati ya wanafunzi na baiskeli zao, ukaingia mkahawani kwa Hermine na kuketi kabla yeye mwenyewe hajavua koti.

Kisa ni gazeti. Gazeti kubwa la jiji la Graz lilikuwa limetenga ukurasa mzima wa Jumamosi kwa ajili ya mtaa wa chuo kikuu: ni mtaa gani, umetoka wapi, na ni wa nani. Na mtaa ulikuwa na shida na ukurasa huo. Nyumba namba kumi na moja, alimozaliwa Poldi na anamokaa mpaka leo, ilikuwa imenunuliwa na kampuni ya Vienna. Kampuni ilitaka wapangaji wote watoke, vyumba viwe malazi ya wageni wa kulala siku mbili na kwenda zao. Baraza la jiji lilikuwa halijaamua, lakini visanduku vya funguo vya wageni vilishang'ang'ania ukutani penye mlango mkubwa kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Wenye nyumba hawaogopi Mungu, na sheria huikwepa kwa kupitia dirishani. Wanachoogopa ni gazeti la Jumamosi, kwa kuwa madiwani hulisoma wakinywa kahawa.

Kwa hiyo atakayezungumza na gazeti ndiye atakayeusemea mtaa. Na Poldi alijua ni nani anayestahili. Alikuwa ameendesha tramu maisha yake yote. Hakuna chuo kilichomfundisha. Sheria za upangaji alizisoma kwenye notisi za kufukuzwa, moja baada ya nyingine, mpaka akaweza kuzijibu. Mwaka sabini na nane, matingatinga yalipokuja kubomoa upande mzima wa mtaa ili kampuni ya wakati ule ijenge maegesho, ni Poldi aliyepiga hodi kila mlango. Ni yeye aliyelala barabarani. Ni yeye aliyeburutwa na polisi akalala korokoroni.

Picha iliyotoka gazetini ilikuwa ya Egon Prandstätter.

Egon alikuwa mwanafunzi tu, mpangaji wa mama yake Poldi, kijana wa kutoka milimani mwenye miguu mirefu. Siku ile alikuwa amepanda mti wa chestnut mbele ya tingatinga, nywele zinapepea, kama malaika aliyekosea anwani. Mpiga picha akampiga huko juu. Chini pembeni, ukitazama vizuri, unaona kiwiko. Kiwiko ndicho Poldi. Na mama yake mzazi, aliyemzaa na kumnyonyesha, aliikata picha ile akaibandika jikoni, na Poldi akala supu miaka na miaka akimtazama Egon mtini.

"Mtazame Egon anavyosoma," mama alikuwa akisema. "Mtazame Egon anavyokula vizuri."

Egon akawa profesa. Hakuhama. Laiti angehama! Alinunua fleti kona ya pili na kila Alhamisi alikuja kwa Hermine kucheza taroki, mchezo wao wa karata, mpole, mwenye kusalimia kila mtu kwa jina. Kumchukia mtu mbaya ni kazi nyepesi. Kumchukia Egon kulimchosha Poldi kama kupanda ngazi na gunia.

"Umekunja uso, Poldi," alisema Hermine, mwenye mkahawa, akiweka mezani bakuli la kokwa za chestnut za kuchoma na glasi za mvinyo mchanga wa msimu, ule ambao bado unachemka tumboni. "Nani kakukanyaga?"

"Hajafika bado."

"Ah, wewe! Utakufa na Egon kooni, tukuzike naye."

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Traude, mchezaji wa nne wa meza yao, alikuwa amelazwa kwa ajili ya nyonga. Na taroki ya pale huchezwa na wanne. Watu wa mtaa ule wanaweza kugomea kodi, wanaweza kumgomea askofu, lakini meza ya Alhamisi kuvunjika kwa kukosa mtu mmoja, hilo hawalijui. Hermine alitazama huku na huku mkahawani, akamwita mtu aliyekuwa anakula peke yake karibu na kaunta. Mtu huyo alikuwa Kolb, aliyeitwa Magista kwa shahada yake, wakala wa kampuni ya Vienna.

"Huyo?" Poldi alinong'ona. "Huyo anayetutoa ndani?"

"Atakutoa ndani kesho. Leo ana mikono miwili na anaijua taroki. Kaa chini."

Kolb alikuja akitabasamu na suti yake ya kijivu, akainua glasi yake ili agonge na ya Hermine. Hermine akamchapa kidole. "Mvinyo mchanga haugongwi, bwana! Umetoka wapi wewe?"

"Vienna, bibi."

"Basi pole."

Egon akaingia pamoja na mwandishi wa habari, binti aitwaye Sagmeister, mwenye kalamu sikioni. Walikuwa wamekutana mlangoni tu, lakini Poldi aliona walivyokuwa wanacheka. Wamekwisha kuelewana, alijiambia. Amekwisha kumsimulia habari ya mti.

"Nitakuwa mkweli kwenu," alisema Sagmeister. "Nina ukurasa mmoja. Nikiweka watu kumi unakuwa orodha ya harusi. Nataka sauti moja, mbili zikizidi, na kupitia hizo niuoneshe mtaa mzima. Nizungumze na nani?"

Egon akafungua mdomo. Poldi akafungua wa kwake. Wote wawili wakasema pamoja, na hakuna aliyesikika.

"Nyamazeni!" Hermine alicheka. "Humu ndani ubishi unaamuliwa kwa karata tangu enzi za babu yangu. Mchezo mmoja. Watakaoshinda wanakaa na binti pale dirishani na sisi wengine tunafunga midomo. Profesa?"

"Sawa."

"Poldi?"

"Gawa."

"Na mimi pia?" aliuliza Kolb kwa upole.

Hermine alisita kidogo. Lakini aliyekaa mezani amekaa mezani. "Na wewe pia," alisema, na akagawa.

Egon alizitazama karata zake, kisha akawatazama wenzake mmoja mmoja, na jicho lake likakaa kwa Poldi muda mrefu kidogo. Akatangaza kwamba anacheza yeye. Katika mchezo ule, anayetangaza huita mfalme mmoja kati ya wanne. Aliyemshika mfalme huyo ndiye mwenzake: wanashinda pamoja, wanashindwa pamoja. Lakini aliyeitwa hasemi wala hakonyezi. Anacheza kimya mpaka mfalme aanguke mezani na kila mtu aone.

"Namwita mfalme wa kopa," alisema Egon.

Mfalme wa kopa alikuwa mkononi mwa Poldi.

Tazama sasa jinsi mambo yalivyokuwa. Kilichotakiwa ni acheze tu kama alivyocheza kila Alhamisi, na wangekaa dirishani wote wawili, nyumba ingepata watetezi wawili, na Kolb angebaki anamenya chestnut. Mtoto angeliona hilo. Poldi naye aliliona. Lakini wivu una macho yake mengine, na kwa macho hayo Poldi aliona ukurasa wa Jumamosi: Profesa Prandstätter, mtetezi wa mtaa, anasimulia, na rafiki yake wa zamani, dereva wa tramu, anatikisa kichwa kando. Aliona tena mti. Aliona tena kiwiko.

Mchezo ulianza vizuri kwa Egon. Alikula mara mbili mfululizo. Hermine akala, kisha Kolb. Poldi alikuwa na turufu mbili nzuri ambazo zingeweza kumwokoa Egon. Alizitupa ovyo, moja chini ya turufu ya Egon mwenyewe, kama mtu anayemwaga maji mtoni.

"Leo umelala, Poldi," alisema Hermine.

"Niko macho kuliko wewe."

"Mzee anafikiria mabehewa," Kolb alitania.

"Wewe fikiria wapangaji. Mimi ni mzee wa nani?"

Sagmeister alicheka na kuandika kitu. Poldi alifurahi: ameandika nilichosema mimi. Kisha Egon akasema kwa sauti ya chini, "Wakati wa matingatinga alikuwa hivyo hivyo, hakuna aliyeweza kumjibu," na binti akaandika hilo pia, tena kwa mistari mirefu zaidi. Furaha ya Poldi ikachacha papo hapo. Hata sifa yangu, alifikiri, lazima ipitie mdomoni mwake ndipo iwe na uzito!

Zilibaki karata mbili kila mtu. Poldi alikuwa na mfalme wa kopa na kikaratasi cha pau kisicho na thamani. Kolb akaweka mezani turufu kubwa, ile ya ishirini na moja, ambayo kwa wakati ule hapakuwa na wa kuila. Hermine akatoa turufu yake ndogo. Zamu ikawa ya Poldi. Turufu hana, anaweza kutupa anachotaka. Kila mtu aliyewahi kukaa meza ile angetupa kile cha pau na kumweka mfalme kwa mkono wa mwisho, maana turufu zilizobaki zote alikuwa nazo Egon, na mkono huo angeula yeye. Mfalme, mwenye pointi nyingi, angeangukia kwa mwenzake, na mchezo ungekuwa wa Egon na wa Poldi.

Poldi alimtazama Egon. Egon alikuwa anamtazama kwa utulivu ule ule, kama mtu anayemngojea mwenzake kwenye kituo, na hana wasiwasi kwamba atakuja.

Utulivu huo ndio uliomaliza kila kitu. Poldi akamtupa mfalme.

Hermine aliweka mkono mdomoni. Mfalme wa kopa alilala juu ya meza chini ya turufu ya wakala wa kampuni, na kila mtu aliona kwamba Poldi alikuwa mwenzake Egon tangu mwanzo, na kwamba amemtoa mfalme wake mwenyewe kwa adui.

"Poldi," Hermine alisema taratibu, "hiyo ni nini?"

"Karata."

"Umekula nini leo wewe?"

"Nimesema ni karata! Imeteleza."

Hakuna aliyemwamini. Egon aliweka chini karata zake za mwisho. Kolb alihesabu, hakuficha furaha yake, akaomba radhi kwa kushinda, kama wanavyoomba radhi watu wa aina yake wanapokufungia maji. Hermine, mshindi mwenza, alikataa kwenda dirishani. "Sina la kusema," alisema, akaingia jikoni, na vyombo vikasikika vinagongana. Kolb akaenda peke yake na kiti chake.

Poldi alijifariji njia nzima ya kurudi nyumbani. Huyo binti si mjinga, alijiambia. Atasikia upuuzi wa Kolb kisha atakuja kunigongea mimi. Ijumaa yote alikaa karibu na mlango, amevaa shati la kupiga pasi. Binti hakuja. Katika mtaa ule neno la meza ni neno, na Hermine alikuwa amemweleza hivyo.

Jumamosi gazeti likatoka. Magista Kolb, glasi mkononi, alitabasamu kutoka dirishani mwa Hermine. Mtaa, lilisema gazeti, ni mtaa wa vijana, unaamka, unahitaji pumzi mpya. Namba kumi na moja ilikuwa na sentensi moja: nyumba iliyochoka, inayosubiri mikono ya kuipenda. Mwaka sabini na nane haukuwamo. Mti haukuwamo. Egon hakuwamo. Poldi alisoma ukurasa mpaka mwisho akitafuta jina lake, kisha akausoma tena akitafuta la Egon, na alipohakikisha kwamba kweli halimo, kitu kidogo kibaya ndani yake kikapata usingizi mzuri kwa dakika nzima. Ndipo alipomsikia jirani wa ghorofa ya juu, mama mwenye mapacha, analia kwenye ngazi na gazeti mkononi.

Alivaa koti akaenda kona ya pili.

Egon alifungua mlango mwenyewe. Hakumkaribisha ndani wala hakufunga.

"Ulijua ninaye," alisema Poldi.

"Nilijua. Ukimshika mfalme wa kopa unamficha kwa kidole gumba. Tangu jikoni kwa mama yako unafanya hivyo."

"Kwa hiyo uliniita makusudi."

"Nilikuwa na mfalme mwingine wa kumwita, Poldi, na mchezo ungekuwa rahisi zaidi. Nilitaka tukae wawili pale. Nilitaka useme wewe, mimi nikuunge mkono. Mambo ya ule mti yamenichosha. Kila mtu ananiuliza habari za mti."

Poldi angekuwa na raha zaidi kama Egon angemtukana, angempiga kofi hata, hapo mlangoni.

"Basi imekwisha," alisema.

"Haijakwisha. Jumanne baraza linasikiliza wakazi. Nimepewa nafasi ya kusema. Ichukue wewe. Nimekwisha kuwaandikia jina lako."

Sasa ikawa mbaya kuliko gazeti. Hata zamu yangu, Poldi alifikiri, hata zamu yangu ya kuitetea nyumba niliyozaliwa, anainunua yeye na kunipa kama sadaka! Alimkumbuka mama wa mapacha kwenye ngazi.

"Nitasema," alisema. "Lakini wewe ukae nyuma. Mstari wa mwisho kabisa. Na usipige makofi."

"Nitakaa nyuma," alisema Egon.

Alikubali mara moja, bila hata kukunja uso, na Poldi alishuka ngazi akimwonea wivu kwa hilo kuliko alivyowahi kumwonea kwa jambo lolote.