Nyimbo Alizoziruka Domitila

Kufikia Jumapili ile, Domitila alikuwa amebakiwa na siku mbili tu za kumsubiri Luhende afungue mdomo. Siku mbili, baada ya miezi minane. Jumanne mjomba wake Luhende, mzee Jilala, angepanda basi kwenda Mkula kuzungumzia ng'ombe wa mahari kwa binti ambaye Luhende mwenyewe alikuwa amemwona mara moja tu, tena msibani. Habari hizi Domitila alizipata kwa jirani yake Milembe, na Milembe ni mtu ambaye habari hazimkai tumboni hata kwa dawa.

Domitila ni fundi cherehani wa Somanda, mwanamke wa miaka thelathini na sita, mwenye baraza pana na ulimi usiojua kupumzika. Luhende ni fundi redio wa mtaa wa pili. Siku hizi redio haziharibiki vya kutosha, kwa hiyo anawawekea watu muvi kwenye flashi. Kila Jumapili baada ya misa anakuja barazani kwa Domitila, anampa flashi mpya, anapokea ile ya wiki iliyopita akaifute na kuijaza upya. Halafu wanakaa na Milembe na Salvatory wa bodaboda, wanaanza kubishana: nani ameona nini, picha gani tamu, gani imeoza.

Kwamba Luhende anampenda, Domitila angeweza kuapa mbele ya padri. Mwanaume asiyekupenda hakuletei flashi kwa miguu kwenye jua la Bariadi wakati wateja wengine wote anawaambia waje dukani wapange foleni. Shida ni mdomo. Uwanjani, akiwa na wenzake wa ngoma ya Kisukuma ya Bagalu, Luhende huimba mpaka watu wanasahau kwamba jua limewaka. Anaweza kumsema mwenyekiti wa kijiji kwa jina lake, na mwenyekiti mwenyewe akapiga makofi. Akishuka uwanjani na kukutana uso kwa uso na mwanamke, anaanza kutafuta maneno kama mtu aliyepoteza funguo za nyumba.

"Mwadila mayu," alisalimia siku hiyo, akakaa kwenye ukingo wa benchi kama kawaida yake, kana kwamba katikati ya benchi ni pa watu wengine.

"Mwadila," akajibu Domitila, lakini kwa baridi. Alikuwa ameamua kwamba leo atamchokoza mpaka aseme.

Salvatory ndiye aliyefungua mjadala. Wiki hiyo alikuwa ameangalia picha ya nyambizi iliyokwama chini ya bahari, watu arobaini na hewa ya saa mbili, na bado alikuwa anahema. "Hiyo ndiyo picha," alisema. "Hakuna kuimba. Kwenye hizi zenu za Kihindi, steringi anafukuzwa na majambazi ishirini, anasimama, anaanza kucheza. Na majambazi nao wanacheza. Sasa huo ni ujambazi wa wapi?"

"Ujambazi wenye raha," alisema Milembe. "Mimi picha isiyo na nyimbo naona kama ugali bila mboga. Juzi nimeona ile ya kaka na dada waliopotezana sokoni wakiwa wadogo, wakatambuana uzeeni kwa sababu ya wimbo wa mama yao. Nimelia mpaka maharage yakaungua, na mume wangu akala hivyo hivyo, maana na yeye alikuwa analia."

Wakacheka wote, hata Luhende aliyekuwa anachezea zipu ya begi lake. Domitila akaona hapo ndipo pa kuingilia.

"Mimi nimeangalia ile ya fundi viatu," alisema, akimtazama Luhende moja kwa moja. "Picha nzuri, nguo nzuri, ila yule steringi ni bwege. Yule dada anampelekea kiatu kile kile mara kumi na tano. Mtu gani kiatu chake kinakatika mara kumi na tano? Si anataka aambiwe neno? Jamaa anashona tu, anatazama chini, anashona. Ghafla unaona wako kwenye harusi, tembo wamepambwa, mama mkwe anacheza. Alimwomba saa ngapi? Mimi mwanaume wa kushona na kunyamaza simtaki hata kwenye tivii."

Milembe alimtazama Domitila kama mtu anayetazama mgonjwa.

"Alimwomba juu ya treni," alisema polepole. "Kwenye wimbo wa tatu. Dakika tisa nzima, mpaka mvua ikanyesha. Domitila, wewe picha hiyo umeiangalia ukiwa wapi?"

"Ah, kwenye wimbo." Domitila akapunga mkono. "Nyimbo mimi naziruka. Mtafsiri mwenyewe anayetuingizia Kiswahili, wimbo ukianza ananyamaza, anaenda kunywa chai. Kama kungekuwa na la maana si angetafsiri? Mimi nikiona wanaanza kutikisa mabega, nabonyeza mbele."

"Unaziruka zote?"

Aliyeuliza alikuwa Luhende. Alikuwa amesimama, na begi lilikuwa limemwangukia miguuni.

"Zote."

"Hata zile... hata faili la mwisho? Lile lililoandikwa wimbo?"

"Hilo ndiyo silifungui kabisa. Nikishaona limeandikwa wimbo nazima tivii, nalala." Domitila alichomoa flashi ya wiki iliyopita kwenye mfuko wa aproni, akamnyooshea. "Haya, chukua yako."

Luhende akaweka mikono nyuma, haraka, kama aliyepewa kaa la moto. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso, lakini midomo ilikuwa inacheza, haijui icheke au itetemeke.

"Usinipe," alisema. "Kasikilize kwanza. Faili la mwisho. Ukimaliza ndiyo... ndiyo basi." Akavuka barabara karibu agongwe na bodaboda, akaenda kusimama kwenye kibanda cha vocha, amewapa mgongo.

Domitila hakukumbuka alivyoingia ndani. Alikumbuka tu kwamba Milembe ndiye aliyechomeka flashi kwenye tivii. Faili la mwisho likafunguka. Hakukuwa na picha, ni kiza kitupu, na sauti ya mtu anapiga beseni la plastiki kwa vidole. Kidole cha Domitila, kwa mazoea ya miaka, kikaenda chenyewe kwenye kitufe cha mbele. Milembe akampokonya rimoti na kuikalia.

Kisha Luhende akaimba. Aliimba Kisukuma, sauti ile ya uwanjani, haina kigugumizi, haitafuti funguo. Alisema anamwimbia fundi wa Somanda, mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Alisema huu ni wimbo wa nane, na zile saba amerudishiwa bila neno. Mbuzi akalia mahali fulani nyuma ya wimbo, na Luhende akamjibu mbuzi humo humo, akamwambia asubiri zamu yake. Halafu beseni likapungua, akaimba taratibu: "Mjomba wangu ameshachagua siku ya kwenda Mkula. Siwezi kumzuia bila neno lako. Kama unanitaka, baki na flashi. Kama hunitaki, nirudishie kama unavyorudisha siku zote. Nitapokea, sitanuna, nitakuletea nyingine."

Wimbo ukaisha. Milembe alikuwa analia kwa raha zake zote. Dirishani kichwa cha Salvatory kilikuwa kimeingia chote, na Salvatory, mtu wa nyambizi, aliuliza kama kuna mwingine.

Lakini Domitila alikuwa anahesabu Jumapili. Saba. Mara saba alikuwa amemkataa mtu anayemtaka, tena kwa tabasamu, tena akisema "haya, chukua yako." Na mara saba mwanaume yule alikuwa amepokea jibu lake, akakaa kwenye ukingo wa benchi akasikiliza habari za nyambizi, akarudi nyumbani kupiga beseni. Bwege alikuwa ni yeye mwenye rimoti. Aibu ilimpanda, na kabla haijafika kichwani ikakutana na furaha njiani, akacheka hadi akashika ukuta. Zile saba zilikuwa zimeshafutwa, hazipo tena, na hilo lilimuuma kweli.

Akatoka miguu mitupu, futi kamba ikimning'inia shingoni. Bodaboda mbili zikapiga honi. Luhende aligeuka, na kitu cha kwanza alichotazama ni mikono ya Domitila, na mikono ilikuwa mitupu.

"Flashi iko wapi?" aliuliza.

"Iko kwenye tivii."

"Utairudisha lini?"

"Hairudi," alisema Domitila. "Na zile saba utaziimba upya, moja moja, mimi nimekaa."

Luhende akacheka peke yake, kisha akatoa simu na kumpigia mzee Jilala. Simu ikapokelewa, sauti ya mzee ikasikika mpaka kwa mwenye vocha: kuna nini tena, shati la kusafiria limeshapigwa pasi. "Mjomba," alisema Luhende, "kuhusu Jumanne, mimi... yaani huku kuna..." Akakwama hapo. Akamtazama Domitila kwa macho ya kuomba msaada.

"Mwimbie," alisema Domitila.

Luhende akavuta pumzi, akaanza kugonga meza ya vocha kwa vidole. Ulikuwa wimbo wa tisa, mrefu, wenye ng'ombe, flashi na mbuzi ndani yake, na Domitila aliusikiliza wote.