Sikio la Kaka Thobias

Kaka Thobias aliweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya kifuniko cha injini, akaukandamiza mpini kwenye sikio lake la kulia, akafumba macho. Hilux kuukuu ya Mama Skolastika ilikuwa inaunguruma mbele ya gereji yetu, boneti juu, moshi mwembamba ukitambaa kuelekea barabara ya Ujiji. Mimi nilikuwa nimechuchumaa kwenye gurudumu la gari jingine, mikono imejaa grisi, na kutoka pale pale niliisikia: ta-ta-ta-ta, kavu, kama cherehani inayoshona turubai.

Akafumbua macho. "Haina kitu. Oili imechoka tu. Tunabadilisha, unaondoka."

"Fundi, tangu Kidahwe inanipigia kelele," alisema Mama Skolastika. "Watu barabarani wanageuka kunitazama."

"Injini ya dizeli ikinyamaza, mama, ndiyo uogope."

Wakacheka wote wawili. Dagaa wake walikuwa wanamsubiri ufukweni Katonga, wakavu, wameshafungwa kwenye magunia, na alitaka kuwafikisha Kasulu kabla ya mvua. Jibu lile lilimfaa.

Kwanza nilidhani nimekosea mimi. Kila ninachokijua kuhusu injini nilikipata kwa Thobias. Alipoacha kazi kwenye maboti ya mizigo yanayovuka ziwa kwenda Kalemie, ambako kwa miaka mingi alishinda chini kwenye chumba cha injini, alifungua gereji hii akanivalisha ovaroli lake la zamani, mimi Yunisi, mdogo wake, huku majirani wakimuuliza kama amekosa mwanaume wa kumfundisha. Alinifundisha kwa masikio kabla ya spana. Aliwasha gari, akanikataza kugusa chochote, akauliza: hii ni nini? Beringi. Na hii? Feni belti. Mjini walisema Thobias huusikia ugonjwa wa gari likiwa bado linashuka kutoka mtaa wa Mwanga.

Lakini ile sauti haikuwa ya kubahatisha. Nikiwa bado nimechuchumaa, mambo mengine yakaanza kujipanga kichwani. Wifi yangu Angela alikuwa akilalamika kwamba mumewe siku hizi akiitwa haitiki. Kanisani Thobias alikuwa amehamia benchi la mbele, yeye aliyependa kukaa karibu na mlango. Na tukizungumza alikuwa na tabia mpya ya kunitazama mdomo, nikadhani ni upole wa umri.

Nilijua pia kinachotokea ndani ya injini ya namna ile. Kemshafti ni chuma kirefu chenye nundu. Kikizunguka, kila nundu husukuma tapeti yake, na tapeti hufungua valvu. Nundu ikilika, tapeti hugongwa badala ya kusukumwa. Siku moja hupasuka. Sikutaka ipasuke kwenye kilima cha njia ya Kasulu, gari limejaa magunia na wafanyabiashara wenzake wawili wamebanana mbele na Mama Skolastika.

"Kaka, zile ni tapeti," nilisema.

Hakugeuka. Nikarudia, kwa sauti kubwa kuliko nilivyopenda, na gereji nzima ikasikia.

"Umesemaje?"

"Tapeti zinagonga. Nasikia kutoka hapa."

Alinitazama, kisha akamtazama mteja wake, kisha mimi tena. "Kwa hiyo mimi sisikii?"

Ningeweza kusema lolote la kumwokoa. Gari lingeondoka, naye angebaki na jina lake.

"Hii husikii, kaka."

Alizima injini mwenyewe. Akachukua spana, akaanza kulegeza nati za kifuniko harakaharaka, kwa hasira ya mtu anayekwenda kuonyesha jambo. Akakinyanyua, akafuta oili kwa kitambaa, akapitisha kidole gumba juu ya nundu, moja baada ya nyingine. Karibu na katikati kidole kikasimama. Kikarudi nyuma. Kikasimama tena pale pale.

"Mama," alisema bila kuinua kichwa, "gari haliendi leo. Tafuta gari jingine la mzigo wako."

Kemshafti mpya na tapeti zake vilikuja kwa basi kutoka Dar. Siku zote za kuvisubiri Thobias alizungumza nami mambo ya kazi tu, nami sikumlazimisha. Tulipoanza, tulilegeza vishikizo vya kemshafti kidogo kidogo, kutoka pembeni kuja katikati, chuma kisije kikapinda. Tapeti za zamani tulizipanga juu ya gunia. Nyingine zilikuwa laini kama kioo, nyingine zina vishimo kama uso uliopona ndui. Alipopima nafasi kati ya nundu na tapeti mpya, akipenyeza kile kibamba chembamba cha kupimia, nilitazama vidole vyake. Vidole havikuwa vimepoteza kitu.

Baadaye, hospitalini, daktari alikuja kutueleza kwamba zile kelele za chumba cha injini zilikuwa zimeyala masikio yake taratibu, na kilichokwenda hakirudi. Siku ile hatukuwa tumelijua hilo. Tulikuwa na injini ya kuwasha.

Nikawasha. Thobias hakuinamia injini. Alisimama upande wa pili wa boneti, ameelekea kwangu, akisubiri.

"Imetulia?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza swali la injini ambalo jibu lake hakulijua. Nilisikiliza kwa muda. Nilitamani sana kusema ndiyo.

"Imebaki moja. Ya tatu kutoka mbele."

Akatikisa kichwa kukubali. Zima, akaonyesha kwa mkono. Akafungua kifuniko upya, akapima ya tatu, akaguna, akabadilisha kibati chembamba kinachokaa juu yake kurekebisha nafasi, akafunga. Nikawasha tena. Injini ikaunguruma kwa sauti moja, nzito, isiyo na kitu kingine ndani yake.

"Sasa imetulia," nilisema.

Alinawa mikono kwa sabuni ya unga, polepole, akajikausha kwenye suruali. Kisha akatoa simu mfukoni, akanipa.

"Mwambie Mama Skolastika aje. Mpigie wewe. Mimi nitamchosha kwa kuuliza 'eti?' kila neno."

Nikapiga. Alisimama karibu yangu, akinitazama mdomo, mpaka nilipomaliza.