Mguu wa Mama Wamboga

...na asiuachie, Sista Milly amesema, shika hapo juu ya kifundo, shika kabisa, ukiachia atanipiga teke kama jana, kwa hiyo Shamim ameushika mguu wa Mama Wamboga kwa mikono yote miwili, mguu mkavu, mwembamba, wa moto kwa homa, na shashi ya jana imegandamana na kidonda chini ya goti, maji ya chumvi hayajailainisha, dawa ya ganzi imekwisha wodini na hakuna anayejua italetwa lini, na bibi kizee anauvuta mguu, anasema kitu kwa Kimasaba, Shamim hakielewi, ila hakuna haja, mtu akisema usiniguse husikika hivyohivyo popote, hata kwao Tanga... "Wewe, sema ile maneno yako," anasema Sista Milly, koleo mkononi, hana haraka, "sema, atatulia mara moja," ile maneno, Tanga hata mtoto wa chekechea angemsahihisha, ni yale maneno, Sista, lakini Shamim aliacha kusahihisha watu tangu Jinja, walikopelekwa kwanza, wao wanafunzi wa uuguzi kutoka nje, wasome afya ya jamii na lugha na mila za watu kabla ya kuingia wodini, na mwalimu wao, Bwana Norman, akamsimamisha mbele ya darasa, huyu ametoka kwenye Kiswahili chenyewe, huyu hatapata shida, na kweli, kwenye kliniki ya kambi ya jeshi ya Kimaka wake wa askari walimganda, dada, sema tena tusikie, wakacheka kwa raha, naye akavimba kichwa, akaamini amekuja Uganda na dawa mdomoni... halafu Mbale. Mbale alipofungua mdomo watu walitazama sakafu. Akadhani hawamwelewi, Kiswahili chake kigumu, akaanza kukipunguza, akatupa naomba, akatupa tafadhali mama yangu, akatupa jilaze kidogo nikutazame, akabaki na maneno mafupi, makavu, kama alivyowasikia watu wa hapo wenyewe wakiyasema, na jana bibi kizee huyu ameketi ukingoni mwa kitanda anarusha mateke, Shamim akamwambia, "Jilaze, mama," bibi kizee akamkodolea macho tu, basi akabadili neno, akaonyesha kitanda kwa kidole, "Lala chini."

Alishuka. Na mguu ule ule, alishuka kitandani upesi kama msichana, akalala kifudifudi kwenye saruji, viganja kisogoni, na maji yakaanza kutoka chini ya gomesi, gauni lake refu, yakienda polepole hadi kwenye viatu vya Shamim, na Sista Milly akacheka mpaka akajifuta macho, "Umeona? Hata sindano ya usingizi haiwezi hivyo," akapiga magoti akamfunga kidonda palepale sakafuni, si ametulia, ya nini kumwinua... na Ritah, mkaza mwana wa bibi kizee, akaja na tambara, akapangusa bila kumtazama mtu, "Musawo," ndivyo huku wanavyomwita muuguzi, "ile siku askari walikuja nyumbani, Malukhu, walisema hivyo. Lala chini. Sisi yote tukalala. Bwana yangu Wamboga iko na goti mbaya, yeye akachelewa," na Shamim, mjinga, msomi wa mila za watu, akauliza, "Akachelewa, halafu?" Ritah akakamua tambara, akalikamua mpaka halikuwa na hata tone, "Akachelewa, musawo."

Alilia, ndiyo, alifika Nkoma chumbani kwake akalia, akaapa hatalisema tena, lakini leo asubuhi, hapa ndipo anapotaka kupita haraka na fikra haimwachii, leo asubuhi yule mzee wa kitanda cha dirishani aliyekataa sindano na kumtukana, alimwambia nini? "Nyamaza. Geuka." Kwa sauti ile. Na mzee akageuka, akashusha suruali mwenyewe, na Shamim akaonja kitu ulimini, ni utamu, usijidanganye, ni utamu, mtoto wa mwisho kwao, wa kutumwa dukani na kila mtu, hakuna kiumbe aliyewahi kumtii, na sasa mwanamume mzima... "Sema basi," Sista Milly anasema, "kidonda ikikaa hivi itaingia kwa mfupa, tutakata. Wewe unataka tukate?" hataki, na si uongo, kinanuka, kitu cheusi kimeanza pembeni, neno moja tu na mguu utapona, kwa hiyo neno lile ni dawa, kwa hiyo waliolisema Malukhu nao walikuwa... hapana, hapana, hatalisema, atasema jingine, la kwao, alilokuwa akiambiwa na bibi yake akijikwaa, anainama karibu na sikio la bibi kizee, analainisha sauti kadiri awezavyo, "Pole, mama."

Na mguu unakufa mikononi mwake. Hauvutwi, hautetemeki, Mama Wamboga amefumba macho na viganja vyake vinapanda taratibu, vinatafuta kisogo, hakusikia pole, amesikia Kiswahili, na Ritah, aliyesimama mlangoni akila chakula chake, ameacha kutafuna, Shamim anangoja aibu ije, nayo inakuja, ila nyuma yake linakuja jambo jingine, mikono yake imepumzika, mguu ni mwepesi, kazi imekuwa rahisi, jinsi ilivyo rahisi... "Vizuri," anasema Sista Milly, na koleo bado liko hewani, shashi bado haijaguswa, "endelea, usinyamaze," na Shamim anasema tena, "Pole, mama, pole," kwa sauti ileile laini, kwa sababu inafanya kazi.