Mtoto Niliyemwandikisha kwa Dada

Jana niliota, tena mchana, nimejilaza kidogo tu baada ya kula. Nayaandika haya ili mama mwingine asifanye nilichofanya mimi.

Wabiwa, binti yangu, nilimzaa ng'ambo ya ziwa, kambini, vita ilipotukimbiza kutoka kwetu Fizi. Kadi ya chakula sikuwa nayo bado. Dada yangu Sifa alikuwa nayo, basi tukamwandikisha mtoto kwake ili apate maharage. Leo Wabiwa anataka kufanya mtihani wa uuguzi, nao wasimamizi wanadai cheti cha kuzaliwa chenye jina la mama yake. Asipokileta Jumatatu, anafutwa. Na mimi na Sifa hatujasemezana tangu mazishi ya baba, mwaka wa sita huu.

Ndotoni nimembeba Wabiwa mgongoni kwa kitenge, mtu mzima, miguu inaburuta chini. Tunaingia ofisini. Nyuma ya meza amekaa muhuri, mfupi, mnene, amevaa miwani.

"Mtoto wa nani huyo?"

"Wangu, mheshimiwa."

Anafungua daftari. Daftari linakohoa, linasema, "Wa Sifa. Huyu mama hajawahi kuzaa."

Najitazama. Tumbo limekuwa la msichana, hata mistari ya uzazi imeondoka.

"Umeona?" anasema muhuri. "Mrudishe kwa mwenyewe."

"Mama, usinishushe," anasema Wabiwa. "Sijavaa viatu."

"Una shahidi?" ananiuliza muhuri.

Hapo ofisi inakuwa kambi, na mvua inanyesha. Turubai la hema letu linajikohoza. "Mimi nilikuwepo. Nilivuja usiku kucha, mama wa watu akajifungua huku ameshika ndoo."

"Turubai si ndugu," anasema muhuri. "Namtaka mwenye kadi."

Kwa Sifa ni safari ya siku mbili. Napiga hatua mbili, nafika. Anatwanga sombe, majani ya muhogo, hainui kichwa. Akisema mtoto ni wake, basi ni wake.

"Umeletwa na shida," anasema.

"Ndiyo."

"Msibani uliniita mroho mbele za watu."

"Nilikuita. Nilikosa, dada."

Anatwanga mara tatu. Kisha anamgeukia muhuri, ambaye ametufuata na kiti chake na kuketi mkekani. "Andika. Mimi nilikula maharage ya mtoto tu. Uchungu wa kuzaa ulikuwa wa huyu."

"Ayaseme hayo akiwa macho," anasema muhuri.

Nikaamka. Wabiwa alikuwa amesimama mlangoni, ananinyooshea simu, macho yamemtoka.

"Mama Wabiwa," ilisema sauti ya Sifa, kama tuliachana asubuhi. "Mwambie mtoto nakuja kusaini. Ila huyu mfupi wako mwenye miwani mwite arudi kwenu, ananichafulia mkeka kwa wino."