Waya Mmoja wa Rosenda na Ludivina

Haya, sikiliza nikutegee: nyumba mbili zina koo moja, moja ikisema, ya pili humeza mate. Ni nini hiyo?

Usijikune kichwa. Umeshindwa, nipe mji. Hapana, Manila siutaki, nimeshapewa mara nyingi na haukaliki. Nipe Iloilo. Ah, hapo umenipa mji! Basi nimeingia Iloilo, nimeshukia mtaa wa Jaro, nimekula tambi za batchoy bakuli zima na mchuzi nikaongezewa, nimejilaza mchana kama tunavyojilaza wote, na jibu lenyewe nimelikuta linaning'inia juu ya uchochoro: ni waya wa simu wa Rosenda na Ludivina.

Siku zile kampuni ya simu haikuwa na nyaya za kutosha kila nyumba, kwa hiyo iliwafunga majirani wawili wawili kwenye waya mmoja. Wa huku akiinua simu akamkuta wa kule anaongea, huirudisha na kungoja. Au hairudishi, hutega sikio, na ndivyo mtaa ulivyopata habari zake.

Alasiri moja ya mwezi wa Mei, saa tisa, Rosenda alikuwa akifunga mchele wa kunata kwenye majani machanga ya mnazi, anatengeneza ibos. Mbele yake, mahali palipokuwa na cherehani, palikuwa na kompyuta ndogo ya kukunja. Aliletewa na binti yake Eufemia, muuguzi huko Singapore, ili waandikiane. Ubavuni mwa kompyuta ilichomekwa modemu, kitu chembamba kama karata, na kutoka kwenye modemu waya ulikwenda ukutani kwenye simu.

Kabla ya kurudi kazini Eufemia aliipanga modemu vizuri. Simu ikilia mara mbili, ijipokelee yenyewe. Spika yake ibaki wazi, mama asikie kinachoendelea. Na isiseme kwa maneno madogomadogo ya Kiingereza, iseme kwa namba, tena kubwa, kwa ajili ya macho ya mama. Maana za namba alizibandika kwenye kifuniko kwa gundi ya wali. Sifuri, sawa. Moja, tumeunganishwa. Mbili, kuna anayepiga. Tatu, wimbi limekatika. Sita, waya hauna mlio. Saba, mtu anaongea.

Rosenda alizizoea upesi. Sita na saba ndizo alizoziona mara nyingi, na zote mbili aliziita Ludivina.

Alasiri hiyo kioo kiliandika 2. Kikaandika 2 tena. Modemu ikapokea, ikapiga mbinja, ikakoroma, ikakwaruza kama sufuria inayosuguliwa mchanga, kisha ikaandika 1. Na mbele ya kiti cha upande wa pili wa meza vikaanza kutokea vidole vya miguu.

Vilikuja taratibu, kwanza kucha, kisha nyama. Kidole cha pili kilikuwa kirefu kuliko cha gumba. Rosenda alivitambua kuwa ni vya mwanawe Crisanto. Akakisogeza kiti nyuma kidogo, ili magoti yakifika yasigonge meza.

Hayakufika. Miguu ilipokuwa kwenye vifundo, kitu kililia klik kwenye spika, na sauti ya Ludivina ikasema, "Halo? Halo! Nani huyu anakaanga samaki ndani ya simu?"

Kompyuta ikaandika 3. Miguu ikaondoka. Sakafuni pakabaki maji. Rosenda akayagusa kwa kidole, akayaonja, yalikuwa ya chumvi. Akaenda kuchukua tambara.

Crisanto alikuwa fundi wa mashine kwenye meli ya kubeba udongo wa madini. Miaka minne nyuma meli ilitoka bandarini na haikufika ilikokuwa ikienda. Ofisi ya wenye meli huko Manila ilisema meli haijulikani ilipo, na kila alipouliza tena ilisema hivyohivyo, kwa heshima kabisa. Kwa sababu hiyo Rosenda hakufanya pasiyam, zile sala za siku tisa za kumsindikiza marehemu. Humsindikizi mtu ambaye pengine yuko njiani anarudi kula. Kila jioni alimwekea sahani, na kila asubuhi aliirudisha kabatini ikiwa safi.

Na Ludivina, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa shoga yake wa tangu utotoni. Alikuwa pia wakala wa ofisi hiyo ya Manila. Barazani kwake paliwekwa benchi, na vijana waliotaka kazi ya bahari waliketi hapo wakingoja kuitwa. Crisanto aliketi kwenye benchi hilo kama wengine.

Siku ya safari yake walikula pamoja kwa Rosenda. Jeepney, gari la abiria, ikapiga honi kabla hawajamaliza, Crisanto akainuka na tonge mdomoni. Kwetu mtu akiinuka mezani na wenzake wangali wanakula, kila aliyebaki huigeuza sahani yake duara moja, ili mwenye safari afike salama. Rosenda aligeuza yake. Eufemia aligeuza yake. Ludivina aliichukua sahani yake, wali ungali juu, akaipeleka kwenye karo.

Habari za meli zilipofika, Rosenda alisimama uani akauliza dirishani kwa jirani, "Shoga, mbona hukugeuza sahani?"

Ludivina akafunga dirisha. Tangu hapo hawakuwa na maongezi mengine. Wakikutana kanisani, Rosenda huuliza, "Mbona hukugeuza sahani?" na Ludivina huinamia rozari. Wakikutana sokoni, kwenye samaki, huulizwa hivyohivyo, na Ludivina huwa ghafla amekumbuka vitunguu. Watu walishazoea, waliichukua kama salamu yao.

Basi Crisanto akawa anapiga kila saa tisa. Alianza upya kila mara, kwenye kucha, na kila mara alifika juu kidogo zaidi kabla Ludivina hajainua simu. Siku ya magoti, Rosenda aliliona kovu alilolipata mwanawe kwa kuanguka na baiskeli. Siku ya mapaja alikuja padri kubariki sanamu ya Mtoto Mtakatifu. Akaitazama miguu, akasema kijana amekonda, akala ibos mbili na kujifungashia ya tatu.

Siku ya kiuno Rosenda hakuvumilia. Klik ilipolia, aliinua mkono wa simu yake.

"Ludivina, weka simu chini! Mtoto amefika kiunoni!"

"Na mimi benchi limejaa hapa! Mwambie angoje zamu kama wenzake."

"Amengoja miaka minne, wewe mwanamke!"

"Basi dakika tano hazitamuua."

Wote wawili walilisikia neno hilo likipita, likifika mwisho na kurudi. Kisha kompyuta ikaandika 3, na Rosenda akaenda kuchukua tambara.

Jumapili Eufemia alipiga kutoka Singapore.

"Mama, amefika wapi sasa?"

"Kifuani. Kavaa lile shati la bluu uliloniambia nilitupe."

"Anapumua?"

"Kifua kimetulia tu, Inday, mwanangu."

Eufemia akasema, "Mama, haya basi. Shida si yeye. Shida ni S kumi."

"Ndiyo nani huyo?"

"Ni mahali ndani ya modemu, kama droo. Ndimo inamokaa namba ya subira. Wimbi likikatika, modemu hungoja kwa kadiri ya namba hiyo, kisha hukata simu. Sasa subira yake ni ndogo sana. Tuiwekee mia mbili hamsini na tano, hapo haitakata kabisa, wimbi liwepo lisiwepo."

"Hata Ludivina akiimba humo ndani?"

"Hata akilia, Mama. Andika A, T, S, kumi, alama ya sawasawa, halafu namba. Na umwambie kaka namsalimu."

Rosenda aliandika kwa kidole kimoja. Kompyuta ikajibu 0.

Kesho yake ikaja 2, ikaja 2, ikaja 1. Crisanto akaanza kwenye kucha. Rosenda aliendelea kufunga ibos, jicho moja kwenye jani na jingine kwenye kiti. Magoti, kiuno, shati la bluu, mikono ikajilaza juu ya mapaja, kola. Ndipo klik ikalia. "Halo?" ilisema spika. Rosenda akatazama kioo. Hakikuandika 3. Mwili ulibaki palepale kitini, maji yakidondoka kutoka mikono ya shati.

Lakini juu ya kola hapakuja kitu. Rosenda alingoja. Alifunga ibos nyingine. Bado.

Kisha sauti ikaja, safari hii si kwa spika, bali kwa dirisha lililokuwa halifunguliwi.

"Rosenda! Kichwa cha mwanao kiko juu ya meza yangu!"

Rosenda akapangusa mikono. Akaweka ibos tatu kwenye sahani na sukari pembeni. Akauambia mwili, "Wewe usiinuke," akatoka, akafungua kigeti cha kati ambacho bawaba zake zilikuwa zimeshaota kutu.

Barazani kwa Ludivina vijana walikuwa wameketi benchini na mikoba yao miguuni. Ukutani palikuwa na kalenda ya ofisi ya Manila yenye picha ya meli mpya, kijani inayong'aa. Kichwa cha Crisanto kilikuwa kando ya simu, nywele zimeloa. Kijana mmoja alikuwa amekitandikia gazeti chini, meza isiharibike. Ludivina alikuwa ameshikilia mkono wa simu sikioni, hathubutu kuuweka.

"Shikamoo, Mama," Crisanto alisema. "Mniwie radhi kwa maji."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Bado."

Akamlisha. Crisanto alitafuna kwa Ludivina na kumeza kwa Rosenda; kupitia madirisha mawili yaliyokuwa wazi lilionekana shati la bluu likicheza kidogo kila tonge lilipopita.

"Eufemia anakusalimu."

"Bado anakwaruzana na wapishi wa hospitali?"

"Bado."

Kijana wa mwanzo kwenye benchi alikohoa kwa adabu. "Samahani, Nang Rosenda, nimuulize kaka kitu. Kaka, chakula cha meli za hawa watu kikoje?"

"Chakula ni kizuri," Crisanto alisema. "Ubaya uko chini. Bati la chumba cha mashine lilipakwa rangi juu ya kutu. Ukilisukuma kwa kidole, kidole kinapita. Tulimwambia nahodha. Nahodha akawaambia ofisi. Ofisi wakasema endeleeni, mtatengeneza mkirudi."

Vijana walitikisa vichwa. Wa pili akauliza kama samaki walikuwa wa kila siku au wa Ijumaa tu. Wa kila siku, Crisanto alisema. Wakatikisa vichwa tena. Hakuna aliyesimama. Wa mwanzo aliusukuma mkoba wake kwa mguu, ukasogea karibu zaidi na meza.

Rosenda alikuwa amebaki na ibos ya mwisho mkononi. Hakumlisha kwanza.

"Mwanangu, nimekuwa nikitaka kukuuliza. Nikuwekee sahani, au nikuwashie mshumaa?"

"Mshumaa, Mama. Na sala zote tisa, usiruke. Na mpishi wetu umtaje, hana mtu huko kwao."

"Anaitwa nani?"

"Teofredo."

"Nitamtaja."

Akamlisha ibos ya mwisho, akampangusa sukari mdomoni kwa ncha ya kanga ya jikoni aliyojifunga kiunoni. Nje kengele za mnara zililia, na muuza taho, uji mtamu wa soya, akapita na makopo yake akiita. Ludivina akahamishia simu kwenye mkono wa pili.

"Nikiiweka chini ataondoka," alisema.

"Najua," alisema Rosenda.

"Mkono umekufa ganzi."

"Ubadilishe tena."

Ludivina akabadilisha. Kwa mkono uliokuwa huru akamwashiria kijana wa mwanzo, kwa kuwa ofisi ya Manila ilitaka watu wake kabla ya jioni na meli ya kijani ilikuwa inangoja. Kijana akasogea, akainama kidogo alipopita mbele ya Crisanto, akatia sahihi yake mahali alipoonyeshwa. Wa pili akasogea kwenye nafasi yake.

Rosenda aliiweka sahani tupu juu ya meza, kati ya kichwa na simu. Hakupandisha sauti. Aliuliza kama alivyouliza kanisani na sokoni, kwenye samaki.

"Shoga, mbona hukugeuza sahani?"

Dirisha lilikuwa wazi na mkono mmoja wa Ludivina ulikuwa na kazi. Hapakuwa na rozari ya kuinamia wala vitunguu vya kukumbuka. Crisanto naye aligeuza macho akamtazama, si kwa hasira, kama mtu anayetaka kujua tu. Ludivina alitazama maji yaliyokuwa yakilowesha gazeti.

"Siku mbili kabla ya safari niliwapeleka wenzake melini, mpaka chumba cha mashine," alisema. "Lile bati nililiona, rangi ilikuwa bado mbichi. Nikarudi nikaketi mezani kwako, nikala wali wako. Ningeigeuza kwa uso gani, Rosenda?"